Mke Wangu Ameondoka na Mahindi

Wiki iliyopita niliwaacha tukiwa juu ya lori la saruji, mimi na mke wangu Getruda, maharusi wapya kabisa, vichwa vyeupe kama tumezeeka njiani. Gari tulilokodi lilitufia Matai. Dereva akatuomba tushuke tusukume. Tukasukuma, likawaka, akaondoka nalo.

Wengi mmeniuliza kama tulifika Kasanga.

Tulifika. Afadhali tungelala Matai.

Kwa anayeanza kunisoma leo: naitwa Theodory, mtu wa Kaengesa, nauza ulezi na maharage sokoni Sumbawanga. Getruda anafundisha historia sekondari. Tangu padri atufungishe ndoa hata mwezi haujaisha. Mke wangu alitaka fungate yetu iwe Ujiji, aone mji wa misafara ya zamani. Mimi nikamwambia Ujiji mbali, twende Kasanga. Nayo ni bandari ya siku nyingi, nikasema. Mjerumani alijenga boma pale. Watu wa Kongo na wa Zambia wamefanya biashara pale tangu enzi za mababu.

Nilizungumza vizuri hadi akanikumbatia.

"Theo, sikujua kama unapenda historia!"

Sipendi historia. Napenda dagaa.

Huo ndio ukweli wangu na leo nautoa. Nilikuwa nimechoka na ulezi. Kuna mama mmoja wa Kasanga anaitwa Jenifer, anaanika dagaa safi, na nilikuwa nimeshaongea naye kwa simu. Chini ya begi langu, chini ya shati la kwendea kanisani, nilikuwa nimekunja viroba vitupu. Nikajisemea: mke ataona magofu, mimi nitaona dagaa, kila mtu atarudi Sumbawanga akicheka.

Asubuhi tukapanda kwenye magofu ya boma. Getruda alivaa kofia pana na gauni la maua. Alipendeza. Akashika ukuta kwa mikono miwili kama anamsalimia bibi yake.

"Theo, hebu fikiria. Hapa ndipo walipokuwa wanasimama wakiangalia ziwa. Misafara inashuka kule, vyombo vinatia nanga pale. Unaona?"

"Naona," nikasema.

Nilichokuwa naona ni vichanja vya Jenifer huko chini ufukweni, vimejaa, vinang'aa juani kama bati jipya.

Simu ikatetemeka mfukoni. Ujumbe wa Jenifer: "Kaka njoo, Wakongo wameshafika wanawaangalia dagaa."

"Mke wangu," nikasema, nikijishika kiuno, "tumbo linanikata."

"Pole jamani! Ni yale maharage ya jana?"

"Ndiyo hayo."

Nikateremka mbio. Nikaonja dagaa, nikawapeleka puani, nikapanda tena kilima. Nikasikiliza kidogo habari za Mjerumani. Simu ikatetemeka. Tumbo likanikata tena. Nikateremka. Nikapanda. Kufika mara ya tatu hata mimi nilianza kuamini kwamba naumwa.

Sasa hapa ndipo nilipokosea hesabu. Nilidhani mke wangu atabaki kule juu na kuta zake. Lakini mwanamke anayekupenda hakuachi uharishe peke yako ugenini. Getruda akateremka kwa njia nyingine, akapita duka la dawa, akanunua dawa ya tumbo na maji ya chupa, akaanza kunitafuta chooni kwa watu, nyumba kwa nyumba.

Akanikuta nyuma ya vichanja. Mimi na Jenifer tumeshikana mikono, tunafunga mapatano.

"Mke wangu asijue kwanza," nilikuwa nasema. "Ukinifurahisha leo, nitakuwa nakuja kwako kila mwezi."

"Utafurahi mwenyewe," Jenifer akasema. "Wenzangu wote wamejaribu, hawanifikii."

"Theodory."

Mke wangu huniita Theo. Aliponiita jina zima nikajua nimekwisha.

Nikageuka. Getruda amesimama, chupa ya maji mkono huu, dawa mkono huu. Kofia imekaa upande.

"Huyu nani?"

"Huyu? Huyu... huyu mwenyeji."

"Mwenyeji wako wewe au wa mji?"

Jenifer, Mungu amsamehe, akafuta mikono kwenye khanga akasema kwa furaha, "Karibu wifi! Kaka hakuniambia kama kaja na mtu."

Ndugu zangu, nilikuwa na njia mbili. Nionekane malaya siku za fungate, au niseme habari za dagaa. Nikachagua dagaa.

"Ni dagaa, Getruda! Naapa mbele ya Mungu, ni dagaa tu! Nataka kuwauza Sumbawanga! Angalia!" Nikavuta kiroba kitupu kutoka ndani ya koti nikakikung'uta mbele yake. "Unaona? Kiroba!"

Nilitegemea atashusha pumzi. Atacheka, hata kidogo.

Getruda akaangalia kiroba. Akaangalia vichanja. Akaangalia kilima tulichotoka.

"Bora angekuwa mwanamke," alisema.

"Eti?"

"Mwanamke ningegombana naye hapa hapa, yakaisha. Kwa hiyo lile boma, ile misafara, maneno yote yale uliyoniambia jioni ile, nikalia hadi nikalowesha shati lako... ilikuwa dagaa?"

"Ni vyote viwili, mke wangu. Historia na dagaa."

"Watu walikuja hapa na pembe za ndovu, Theodory. Wewe umekuja na kiroba."

Akanirushia dawa. Akanirushia maji. Akavua pochi yake begani, simu ikiwa humo ndani, akanirushia na hiyo.

"Kaa na mizigo yako!"

Akageuka, akaelekea gatini. Pale gatini palikuwa na boti ya mizigo inapakia mahindi. Nikamwona anapanda ubao, anaingia, anapotea nyuma ya magunia. Nikajua anatafuta mahali pa kulia bila kuonwa na watu.

Mwanamume mwenye akili angemfuata pale pale.

Mimi nilijiambia nimwache kwanza apoe. Kisha, nasema hili huku nimeinamisha kichwa, nikageukia vichanja nikamwuliza Jenifer, "Tulikuwa tumefika wapi?"

Tulikuwa tumefika kwenye kupima. Tukapima. Tukafunga kiroba cha kwanza, tukaanza cha pili. Nikasikia honi.

Nikainua macho. Gati tupu. Boti haipo.

Ilikuwa imeshatoka, inachana maji taratibu, na nyuma ya magunia naiona kofia pana ya mke wangu imesimama kama bendera.

Nilikimbia hadi mwisho wa gati. Nusura nipitilize. Karani wa mizigo, mtu wa makamo anaitwa Benjamini, akanidaka koti.

"Mke wangu!" nikapiga kelele. "Mke wangu yumo!"

"Mke wako yupi?"

"Mwenye kofia!"

"Aaa, yule dada. Nilimwuliza anafanya nini mle, akasema ana mume hapa hapa bandarini. Nikajua ni mke wa baharia."

"Boti inakwenda wapi?"

"Mpulungu."

"Mpulungu ndiyo kijiji gani?"

Benjamini akaniangalia kwa huruma.

"Kaka, Mpulungu ni Zambia."

Nikakaa chini, pochi ya kike kifuani. Na hapo ndipo pochi ilipoanza kulia. Nikafungua. Simu ya Getruda. Kwenye kioo pameandikwa: MAMA.

Mama mkwe wangu, Mama Kalista, ni mwenyekiti wa akina mama wa kigango chetu. Ana sauti ambayo akianzisha wimbo mbele kanisani, wa nyuma kabisa hawahitaji kipaza sauti. Usipopokea simu yake hupiga tena hadi upokee. Nikapokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona unapokea wewe? Mpe mwanangu nimsalimie."

"Getruda yuko majini, mama."

"Anaoga?"

Nikaliangalia ziwa. "Ee, mama. Anaoga."

"Haya, akimaliza anipigie."

Nikashusha pumzi. Nikamshika Benjamini, nikamwomba awapigie simu wale wa kwenye boti. Akasema nahodha akiwa safarini huzima simu ili asikilize injini. Pochi ikalia.

"Theodory, bado anaoga tu?"

"Bado, mama. Ana saruji."

"Saruji? Mwanangu ana saruji? Mmekwenda fungate au mmekwenda kujenga?"

Boti ikapiga honi tena, ndefu, ikajibiwa na vilima.

"Hiyo ni nini?"

"Honi, mama."

"Honi bafuni?"

Nilimsikia anavuta pumzi, anateremsha sauti, na hiyo ya chini ndiyo mbaya zaidi.

"Theodory. Mwanangu yuko wapi?"

"Amekwenda Zambia, mama."

"Na nani?"

Nikafikiri sana nimjibu nini mzazi.

"Na mahindi."

Nikadhani simu imekatika. Kisha ikaja ile sauti ya kigangoni, hata Benjamini akarudi nyuma.

"Nisikilize, we Theodory! Binti yangu nilikukabidhi mbele ya altare! Ingia majini umfuate sasa hivi! Usikanyage Kaengesa bila yeye!"

"Mama, mimi sijui kuogelea. Sisi kule juu..."

"Ingia majini!"

Akakata.

Jenifer, ambaye alikuwa amenifuata na viroba vyangu kichwani, akasikia yote. Nakwambia yule mama ana moyo. Akamwita mdogo wake, Shedrack, mwenye mtumbwi wa injini.

"Mpeleke kaka akamchukue mke wake. Viroba vitabaki kwangu."

Mimi nimezaliwa mlimani. Maji mengi niliyowahi kuingia ni ya beseni. Nilipoweka mguu mmoja mtumbwini ukakimbia, mwingine ukabaki nchi kavu, nikatanuka katikati hadi Shedrack aliponivuta mkanda.

"Jaketi la kuokolea liko wapi?" nikauliza.

"Liko moja, nimevaa mimi."

"Mbona uvae wewe, na ndiye unayejua kuogelea?"

"Mimi nikizama, wewe utajuaje njia?"

Tukaondoka.

Sitawaeleza mawimbi. Nitasema tu kwamba lile tumbo nililolisingizia asubuhi lilikuja kunidai kweli, na Shedrack alicheka njia nzima. Nilishika pochi ya Getruda kwa mikono yote miwili. Na kwa mara ya kwanza tangu tufike Kasanga sikufikiria dagaa. Nilifikiria jinsi alivyoshika ule ukuta. Jinsi alivyoniuliza, unaona? Na mimi nikasema naona.

"Kaka," Shedrack akasema, "mbona wamesimama?"

Kweli, boti imesimama katikati ya ziwa. Injini imezimwa. Juu yake watu wamekusanyika, wamevua kofia, wameinamisha vichwa. Katikati yao Getruda, amefunikwa khanga ya mtu mabegani.

Nikajua kuna jambo limempata.

"Nisogeze!" nikasema. "Nisogeze haraka!"

Ubavuni mwa boti kulikuwa na matairi yamening'inizwa kwa kamba. Nikavua viatu, nikavua koti, nikatupa vyote mtumbwini, nikaivaa pochi shingoni, nikaanza kupanda tairi kwa tairi. Nilipofika juu nilianguka ndani kama gunia. Hakuna aliyegeuka, kwa sababu wote walikuwa wamefumba macho.

Mbele yao mzee mnene, mikono juu, jasho linamtiririka. Huyo ndiye nahodha, anaitwa Amos, na nilijua mara moja ni mlokole, wale ambao wakishika sala hawaiachii.

"Bwana! Umemwona binti huyu kijana! Umemwona alivyoachwa angali mbichi! Mpokee mume wake, Bwana! Kama alikunywa, msamehe! Kama alipiga, msamehe! Dada yangu, marehemu alikuwa anaitwa nani?"

Nikamsikia Getruda kwa sauti ndogo sana.

"Theodory."

"Naam!" nikaitika.

Sijui kwa nini. Nimelelewa hivyo, nikiitwa naitika. Nahodha, amefumba macho, akadhani ni mtu anamwunga mkono kwenye sala.

"Naam! Ndiyo! Mpokee Theodory, Bwana!"

Lakini Getruda alifungua macho. Akaniona nimelala kifudifudi juu ya mahindi, sina viatu, pochi yake shingoni. Mdomo ukabaki wazi. Akachomoka kwenye lile duara taratibu, akaja, akanivuta nyuma ya magunia.

"Theo! Umefikaje hapa?"

"Kwa mtumbwi. Kwani mimi nimekufa?"

Akajifunika uso na khanga. "Walinikuta nalia. Nahodha akaniuliza mume wako yuko wapi. Nilikuwa na hasira, nikasema kwangu amekufa. Yeye akasikia amekufa. Akazima injini. Theo, kanifariji, kanipa chai, kanifunika khanga ya mke wake. Ningeanzaje kumwambia?"

"Sasa nimesamehewa ulevi na sinywi."

Akataka kucheka, akalia badala yake.

"Umepanda mtumbwi. Wewe. Hata mto wa Kaengesa unauvuka umefumba macho."

"Nimeupanda."

"Na dagaa?"

"Nimewaacha."

Akanifuta mahindi usoni.

"Mimi sina ugomvi na dagaa, Theo. Ungeniambia, ningekushikia kiroba huku unajaza. Ila ulinifanya niamini unapenda ninachopenda. Hicho ndicho kimeniuma."

"Nilikuona leo ulivyoshika ule ukuta," nikasema. "Nilikuwa naangalia kwingine, lakini nilikuona. Tukirudi utanieleza upya. Kuanzia Mjerumani."

"Kuanzia kabla ya Mjerumani," akasema.

"Haya, kabla yake."

Akaegemeza kichwa begani kwangu. Kule mbele nahodha anaendelea kuniombea, sasa amefika kwenye paradiso. Jua zuri. Ziwa limetulia. Nikajiambia, kumbe fungate ndiyo hii.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba shingoni sina pochi. Mkanda wake ulikatika nilipokuwa navutwa, ikabaki kule mbele juu ya magunia. Na ilikuwa inalia.

"Usiipokee wewe, dada," nikasikia nahodha anasema kwa upole, hajui kama dada hayupo. "Mfiwa asisumbuliwe. Nitaongea mimi."

Tukainuka wote wawili kwa pamoja. Nikajikwaa, nikamwangukia Getruda, gunia likatuangukia.

"Haloo? Mama? Mimi Nahodha Amos. Binti yako yuko salama mikononi mwetu. Lakini jikaze, mama yangu. Kaa chini kama umesimama. Mkweo Theodory hatunaye tena."

Ile sauti ya kigangoni ikatoka kwenye simu, kila mtu kwenye boti akaisikia.

"Mimi! Ni mimi niliyemwambia aingie majini! Nimemwua mtoto wa watu!"

Nilimfikia nahodha nikampokonya simu.

"Mama! Mama, mimi hapa! Ni Theodory!"

"Yesu na Maria! Anaongea kutoka majini!"

Ikakatika.

Nikapiga. Haitoki. Nikainua simu juu, nikapanda juu ya gunia, nikasimama kwa vidole.

"Mtandao hapa huwa unakuja na kuondoka," baharia mmoja akasema. "Labda tukikaribia Mpulungu."

Nahodha Amos alikuwa ameshafungua macho. Akaniangalia kuanzia miguu mitupu hadi kichwani.

"Na wewe ndugu, ni nani?"

"Ni marehemu," nikasema.

Baharia aliyekuwa karibu yangu akaruka magunia. Nahodha akarudi nyuma hadi kwenye usukani, mkono juu, tayari kuanza sala nyingine, na hii haikuwa ya kunipokea. Getruda akawa anamkimbilia amweleze, khanga inaburuta.

Mimi sikuwa na muda naye. Nilikuwa naifikiria Kaengesa. Mama Kalista akipata habari hata ya harusi haimalizi saa nzima mdomoni mwake. Saa hii ameshatoka nje na kilio. Saa hii kuna mtu ameshatumwa kwa mama yangu mzazi.

Kuna njia moja tu, nikajiambia. Turudi Kasanga sasa hivi kwa mtumbwi, nipige simu kutoka gatini, mama asikie sauti yangu vizuri.

Nikakimbilia ubavuni.

"Shedrack!"

Mtumbwi ulikuwa mbali. Alikuwa amenishusha, kazi yake imekwisha, ameshageuza, na injini yake inapiga kelele kuliko mimi.

"Shedrack! Rudi! Shedrack!"

Akageuka. Akaniona natupa mikono hewani. Akadhani namuaga. Akanipungia kwa furaha, akaongeza mwendo kuelekea Kasanga, ambako watu walikuwa wameshaanza kukusanyika gatini kunisubiri, akiwapelekea koti langu na viatu vyangu, mimi sipo.